Bega la Kinyozi na Madaktari Wake

Mbele ya kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi la mbao lililokaliwa mpaka likachimbika mabonde, na kila mtu alikuwa na bonde lake. La kwanza lilikuwa la Spana, makanika mwenye karakana ya jirani, mtu ambaye hata harusini alinuka dizeli. La katikati lilikuwa la Mzee Mnada, aliyepiga minada maisha yake yote na ambaye sauti yake ilikuwa haijapata habari kwamba amestaafu. La mwisho lilikuwa la Tanuri, mwoka mikate, aliyemaliza kazi kabla watu hawajaamka na kwa hiyo alikuwa na mchana mzima wa kubishana. Mzee Mnada ndiye aliyekuja na birika la kahawa, na yeye ndiye aliyeimwaga, kwa maana alimimina kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliufunga shingoni kwa kitambaa cha hariri, akisema unapumzika.

Kinyozi mwenyewe walimwita Mstari. Hakuna aliyeweza kuchonga mstari wa paji la uso kama yeye. Mtu aliingia na sura yake ya kila siku akatoka kama anakwenda kupigwa picha ya pasi. Lakini siku moja alipanda kigoda atundike kioo kipya, kigoda kikamkimbia, naye akadaka ukingo wa mlango kwa mkono wa kulia. Kioo kilipona. Bega halikupona. Tangu hapo mkono ulikuwa ukifika usawa wa kifua unagoma, na ukilazimishwa unamfanya mwenyewe aone nyota mchana.

Basi wateja ikabidi washushwe. Mstari alipindua ndoo, akawa anawaketisha juu yake ili vichwa vyao vifikike. Warefu aliwakalisha chini kabisa, miguu imenyooshwa mpaka mlangoni.

— Bwana, mmoja alimwuliza akiwa pale sakafuni, nimekuja kunyolewa au kuomba radhi?

Mstari alicheka. Mteja yule hakurudi. Siku chache baadaye alimwona kwenye kioo, akiingia saluni mpya ya ng'ambo ya barabara yenye viti vinavyopanda na kushuka vyenyewe. Kioo kile kile kilichomvunja ndicho kilichokuwa kikimwonyesha wateja wake wakivuka barabara, mmoja mmoja. Na nyumbani mke wake ndiye aliyemvisha shati. "Lete mkono," alimwambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kumvalisha mjukuu wao. Hilo ndilo lililomchoma kuliko bega.

Alikuwa amekwenda hospitali. Huko alimkuta mtaalamu wa viungo, dada mpole wa sauti na mkali wa vidole, aliyembonyeza hapa na pale kisha akamweleza kwamba kano, ule ukamba unaoshikisha msuli na mfupa, limechanika kidogo, halijakatika. Njia zipo. Ya kwanza ni mazoezi, miezi kadhaa, kila siku. Ya pili ni sindano ya kutuliza maumivu, ili aweze kufanya mazoezi. Ya tatu ni upasuaji, na baada yake mazoezi.

— Kumbe kote ni mazoezi? Mstari aliuliza.

— Kote, dada alisema. Nenda kafikirie, ufanye haya ya kuanzia, uje uniambie umeamua nini.

Mazoezi yenyewe yalimtia aibu. Moja lilikuwa kuinama na kuuachia mkono ubembee kama kamba ya kisima. Jingine lilikuwa kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole kuelekea juu, polepole, kama buibui mwenye homa. Alijaribu chumbani, mjukuu akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo Mstari alijaribu siku moja akaacha tatu. Na sasa siku ya kurudi ilikuwa imefika. Alasiri hiyo alitakiwa aende akaseme ameamua nini, naye hakuwa ameamua chochote.

Benchi lilikuwa linajua. Benchi lilikuwa linajua kila kitu.

— Unatakiwa huko saa ngapi? Spana aliuliza, akipuliza kahawa.

— Alasiri.

— Basi bado tuna muda wa kukuokoa.

— Umwokoe na nini wewe? Tanuri alidakia. Wewe ulimwokoa nani?

— Nilijiokoa mimi mwenyewe! Giaboksi ya lori iliniangukia hapa, begani. Nilikwenda hospitali? Sikwenda. Sikiliza, Mstari, bega ni beringi. Beringi ikikauka inalia. Ikilia unaipigia mahubiri? Unaipa grisi. Mafuta ya moto, mkandaji mwenye mikono ya kazi, unakandwa mpaka unawaita marehemu wote wa ukoo wenu. Ukimaliza kuwaita, umepona.

— Wewe nani alikukanda?

— Fundi wangu wa kuchomelea vyuma.

— Mungu wangu. Na miwani yake?

— Alivua. Ni mtu mstaarabu.

Tanuri alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia matusi. Alikuwa kaka wa mke wa Mstari, na kwa sababu hiyo alijiona ana hisa katika bega lile.

— Shemeji, usimsikilize. Mimi nakaa na moto tangu ujana wangu, naijua tabia yake. Nikuulize: unga ukiuweka penye joto unafanyaje?

— Unaumuka, Mstari alisema.

— Unaumuka! Na bega lililovimba ukilitia moto litafanyaje? Utafikishwa hospitali una mabega matatu. Dawa ni barafu. Mimi nilitegua langu kwa gunia la unga, nikaliwekea barafu asubuhi, barafu mchana, barafu nikiwa nimelala. Mke wangu alihama kitanda, lakini bega nililiweza.

— Mkeo alirudi?

— Tunazungumza bega, tusihamehame.

Hapo Mzee Mnada aliweka kikombe chini, kilichobaki na kahawa kidogo kuliko iliyokuwa kwenye suruali yake, akakohoa kile kikohozi cha kufungulia mnada.

— Mabwana! Tumepokea mafuta, tumepokea barafu. Mimi natia pumziko. Pumziko kamili! Nani anapandisha? Mkono huu niliuvunjia heshima kwa kabati la mninga, lilikuwa linauzwa na mnunuzi alitaka kuliona mgongo. Nikaupumzisha. Sijaunyanyua tangu mvua zile zilizobomoa daraja. Na hauniumi! Hata chembe!

— Mzee, hauumi kwa sababu hauko kazini, Spana alisema. Hata gari langu bovu halili mafuta.

— Pumziko, mara ya kwanza! Pumziko, mara ya pili!

Mstari aliwatazama. Alitaka kucheka, na kwa kawaida angecheka, lakini leo alikuwa akiwasikiliza kwa moyo wa mtu anayezama. Upasuaji aliuogopa. Sindano aliiogopa kidogo chini ya hapo. Mazoezi aliyaona ni mchezo wa watoto. Kama kweli hapa kwenye benchi, kati ya hawa watu aliowanyoa vichwa tangu vina nywele, palikuwa na dawa iliyowafaa, kwa nini asiichukue hapa hapa aondokane na mambo ya kuvishwa shati?

— Sasa nishike ipi? aliuliza. Kila mmoja amepona kwa yake, na zote zinapingana.

Hilo swali lilikuwa kosa. Lilimwagia benchi petroli.

— Kama ni ubishi tuumalize, Spana alisema, akisimama. Pale karakana nina winchi ya kunyanyulia injini. Tunakufunga kamba kwapani, tunakupandisha, unaning'inia kidogo. Bega litajipanga lenyewe kwa uzito wa mwili. Ni hesabu tu.

— Na shingo?

— Shingo haihusiki, hatufungi shingo.

— Mimi nasema bucha, Tanuri alisema, naye akisimama. Mwenye bucha ana chumba cha baridi. Shemeji anaingia, anakaa humo kwenye kiti, ametulia, kati ya mapaja ya ng'ombe. Baridi inaingia mpaka kwenye uboho.

— Akija mteja akasema nataka kile cha bega?

— Tutamwandika jina.

— Kosa lenu, Mzee Mnada alinguruma, ni kuwa mnashughulikia bega moja! Mkono mmoja ukipumzika na mwenzake anafanya kazi, utapumzika kwa amani? Utasikia aibu, utataka kuamka. Ipumzishe yote miwili!

— Atakula vipi?

— Si ameoa?

— Mzee ana hoja, Spana alisema ghafla, macho yakimwaka. Gari likizama upande wa kulia, fundi mwenye akili anaangalia kwanza springi ya kushoto. Mstari, hebu, goti lako la kushoto linasemaje?

— Haliumi.

— Unaona? Linaficha!

Wakabishana goti. Wakatoka kwenye goti wakaenda kwenye ini, maana Tanuri alisikia mahali kwamba ini na bega ni ndugu wa baba mmoja. Hatimaye Spana akasema maneno hayajawahi kufungua nati. Jambo la kulinganisha linalinganishwa kwa vitendo. Bega lina mbele na lina nyuma. Nyuma apewe yeye atie mafuta ya moto. Mbele apewe Tanuri atie barafu. Upande utakaoshinda, ushinde. Na Mzee Mnada, kwa haki ya pumziko, aushike mkono wenyewe usitikisike.

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Mstari alikuwa na akili timamu, lakini saa ilikuwa inakwenda na moyo wake ulikuwa umechoka kuogopa. Alivuliwa shati, akaketishwa katikati ya benchi. Spana alirudi na chupa ya mafuta iliyokuwa inatoa mvuke. Tanuri alirudi na barafu imefungwa kwenye mfuko wa unga. Mzee Mnada alimkamata kiwiko kama mtu aliyekamata kuku.

— Tayari?

— Ngojeni kwanza, Mstari alisema, lakini walikuwa hawangoji.

Aliyoyasikia hapo hakuweza kuyaeleza hata miaka baadaye. Nyuma palikuwa jikoni, mbele palikuwa mlima wenye theluji, na katikati palikuwa yeye. Spana alizamisha kidole gumba mahali ambapo kidole hakina ruhusa.

— Anaita ukoo! Spana alishangilia. Nimesikia amemtaja bibi yake!

— Anatetemeka, barafu inafanya kazi!

— Usitikisike! Mzee Mnada alimkaripia. Unaharibu pumziko!

Machozi yalimtoka Mstari. Alisema ni mvuke.

— Shikamooni wazee wangu.

Wote wanne waligeuka. Alikuwa amesimama binti mrefu mwenye begi la michezo, jezi ya golikipa, na mkono wa kulia umening'inizwa kwa kitambaa cha hospitali. Nywele zake zilikuwa nyingi, upande mmoja zimechanwa vizuri zikalala, upande wa pili zimesimama wima kama zimesikia habari mbaya.

— Marahaba, mwanangu, walijibu.

— Namtafuta kinyozi.

— Huyo hapo katikati, Tanuri alisema. Anayetoka mvuke.

Binti alimtazama Mstari, akatazama chupa, akatazama barafu, akaamua kutouliza.

— Nataka ninyolewe zote, alisema. Nilidaka mpira nikaangukia bega, likatoka. Wamelirudisha, lakini siwezi kuchana kwa mkono mmoja. Leo mama alinichana upande huu, akaona amechelewa kazini, akaniacha hivi. Na nina safari ya kwa mtaalamu wa viungo sasa hivi, sitaki kuingia huko kama nimechanwa nusu nikafukuzwa.

Neno bega lilipotajwa, Mstari alisahauliwa papo hapo. Mfuko wa barafu uliachwa ukamdondokea mapajani.

— Bega! Kaa hapa mwanangu, umefika penyewe, Spana alisema.

— Usiende huko, watakuchosha na mazoezi, Tanuri alisema.

— Naona una pumziko hapo shingoni, Mzee Mnada alisema kwa furaha. Safi sana! Kaa nalo hilo, lisikutoke!

Wakammiminia yote. Binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza kwa adabu, kichwa kikigeuka huku na huku: beringi, unga, giaboksi, kabati la mninga, ini. Walipofika kwenye bucha aliuliza kama chumba kile kina taa. Walipokwisha na kuanza kuhema, alisema:

— Kumbe nyote mliumia mabega?

— Wote! walisema kwa fahari, kama timu.

— Na kila mmoja alifanya yake.

— Kila mmoja yake, na kila mmoja ushahidi wake!

— Basi nimebahatika. Maana mimi kazi yangu ni golini, mipira ya juu. Nikishindwa kuinua mkono, nafasi anapewa mwingine, na yule mwingine ni mzuri, hatanirudishia. Nisaidieni jambo moja tu, wazee wangu. Nani kati yenu amepona? Anyooshe mkono juu nimwone.

Halikuwa swali gumu. Mtoto wa chekechea anajua kunyoosha mkono.

Spana aliuanzisha wa kwake kwa kishindo. Ulipanda, ukafika usawa wa sikio, ukasimama. Uso wake ulibadilika rangi. Akaanza kulikuna sikio, kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda. Tanuri wa kwake ulifika kwenye kofia. Akaishika, akaivua, akaipunga kidogo kifuani kama anasalimia wageni wa heshima. Mzee Mnada hakujaribu. Aliuangalia mkono wake ndani ya kile kitambaa cha hariri, akauangalia sana. Vidole vilicheza kidogo. Vilikuwa vimekonda.

Upande wa pili wa barabara, kiti cha saluni kilipanda kikashuka.

Mstari aliwatazama rafiki zake, na mambo aliyoyaona kila siku bila kuyaona yakaanza kumjia. Kwa nini Spana alitundika spana zake zote usawa wa kiuno. Kwa nini Tanuri alimwachia mkewe rafu za juu za mikate. Kwa nini Mzee Mnada, ambaye zamani alikuwa akinyanyua nyundo ya mnada mpaka watu wa nyuma wanaiona, alikuwa sasa anapiga minada ya benchini kwa sauti tupu. Hawakuwa wamemdanganya. Walikuwa wamejidanganya kwanza wao, na kisha wakamgawia kilichobaki. Akapapasa ubao chini yake, akasikia pale alipokaa kuna bonde jipya linaanza. Lilikuwa lake.

— Na wewe kinyozi? binti aliuliza. Umepona?

— Mimi hata sijaanza, Mstari alisema.

Alisimama. Alijifuta mafuta kwa taulo la dukani, akalichukua shati. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ukaanza kutafuta njia. Binti akaishika ile shingo ya shati kwa mkono wake mzima, akaivuta nyuma taratibu mpaka mkono ukapita. Hakusema "lete mkono".

— Sikunyoi leo, Mstari alimwambia.

— Kwa nini? Nina haraka kweli.

— Nywele hizi zinataka mikono miwili, na mikono miwili utakuwa nayo. Ukizikata leo utakuwa umekubali. Geuka.

Pale alipokaa, juu ya ndoo, kichwa chake kilikuwa usawa wa kifua cha kinyozi, mahali mkono ulipokuwa bado haujagoma. Alimchana ule upande uliosahauliwa, bila kuvuta, akazikusanya zote akazifunga kwa utepe kisogoni. Mteja pekee wa siku nzima, na hakumnyoa. Akachukua kofuli.

— Unakwenda wapi? Tanuri aliuliza.

— Ninakotakiwa.

— Na matokeo? Spana aliita. Hatujajua nani ameshinda, mbele au nyuma!

Mstari na binti walikuwa wameshavuka barabara.

Mtaalamu wa viungo alimkaribisha, akamzunguka mara moja, akanusa.

— Baba, mbona nyuma unanuka karakana na mbele unanuka mkate?

Mstari alimweleza. Alimweleza vyote, na ya mjukuu pia, na siku alizoruka, na kwamba alikuwa anaona haya. Dada alijizuia kucheka kadiri alivyoweza, halafu hakuweza tena, na Mstari naye akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu akicheka bila kuhofia kutikisa bega.

— Barafu sina ugomvi nayo, dada alisema akijifuta macho. Joto pia. Vinatuliza. Pumziko nalo lina siku zake, zile za mwanzo. Lakini hakuna hata kimoja kitakachokuinulia mkono. Umeamua nini?

— Mazoezi. Kama yatanishinda, unichome. Kama sindano itashindwa, tutazungumza kisu.

— Na aibu?

— Ilikwisha leo pale benchini, nikiwa kifua wazi mbele ya barabara nzima.

Akawa anakwenda. Binti golikipa naye alikuwa anakwenda, ana mpira mdogo wa kubonyeza na ubishi mwingi. Alitaka afanye ya wiki ijayo leo, na dada alikuwa akimrudisha nyuma kila mara. Mstari yeye alikuwa akisukumwa mbele. Nyumbani alitambaza vidole ukutani mlango ukiwa wazi. Mjukuu akacheka, kisha akaja kusimama pembeni yake akaanza kutambaza vyake, akamshinda kwa mbali. Haikuwa njia ya kupanda tu. Zipo asubuhi mkono uliamka umekasirika, ukashuka chini ya pale ulipokuwa juma lililopita, naye akarudi kitandani akageukia ukuta. Mke wake alimwacha kidogo, kisha akamwambia ukuta ule ule anaoulalia ndio wa kupandia.

Benchini hawakulizungumza swali la binti. Walihamia kwenye siasa, halafu kwenye meno.

Alasiri moja Mstari aliwahi hospitali. Chumba cha mazoezi kilikuwa kimya, dada hajarudi. Mwishoni, kwenye kona, kulikuwa na mtu ameupa mlango mgongo, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, mkono wa kulia ukutani. Vidole vilikuwa vinapanda kwa shida, vimefika usawa wa sikio, vinatetemeka. Shingo ile Mstari aliijua. Alikuwa akiinyoa kila mwisho wa mwezi.

— Shemeji?

Tanuri alishtuka, mkono ukaanguka.

— Nimeleta mikate, alisema haraka.

— Mikate iko wapi?

— Wameshakula.

Mstari aliitazama meza. Haikuwa na hata chembe. Alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari, akaenda akasimama mbele ya ukuta ule ule, akaweka vidole vyake.

— Sogea kidogo, alisema. Umechukua njia yote.

Tanuri alisogea.